Spika Nayo Ni Kinanda

Mwambie mtu kwamba kuna watu wazima wanaofunga safari ndefu, viatu vya kupigia pedali vikiwa mkobani, ili washinde ukumbini wakisikiliza vinanda vya dijitali vikibadilishiwa spika. Atacheka. Kicheko chake kina hoja, na hoja yenyewe si ya kipuuzi: kinanda cha dijitali ni kompyuta, sauti zake zimekwisha kurekodiwa, na rekodi ikiwa nzuri Utrecht itakuwa nzuri Iringa. Kwa nini basi mtu asivae hedifoni nyumbani, akasikiliza mifano, akachagua, nauli ikabaki mfukoni?

Kuhusu rekodi, wenye kucheka wana haki. Programu kama Hauptwerk, au GrandOrgue ambayo hutolewa bure, hupiga sauti za vinanda vya mabomba ambavyo kila bomba limerekodiwa peke yake: linavyoanza kutoa sauti, linavyoendelea, na mwangwi unaobaki kanisani vidole vikiachia. Tena huo mwisho hurekodiwa zaidi ya mara moja, kwa sababu noti fupi haiachi mwangwi sawa na noti ndefu. Sonus Paradisi ya Ucheki imezunguka Ulaya kwa kazi hii, na mwenye subira na kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha anaweza kupiga chumbani mwake kinanda cha karne ya 18. Ubora huo haupungui njiani.

Kosa ni kudhani kwamba rekodi ndiyo kinanda. Rekodi ni nusu ya safari; nusu iliyobaki inafanywa na koni ya spika na kuta za chumba, na hapo ndipo mambo huharibika.

Chukua noti ya chini kabisa ya pedali kwenye safu ya mabomba ya futi 16. Hutetemeka takriban mara 33 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 10. Ipige katika chumba chenye urefu wa mita 5 na kidogo, uishikilie, kisha umwombe mwenzako atembee polepole kutoka ukutani kuelekea katikati. Ukutani inanguruma hadi vioo vya dirisha vinatikisika. Katikati imefifia, huenda hata isisikike. Hakuna kilichoguswa kwenye programu. Nusu ya wimbi imelingana na urefu wa chumba, hivyo shinikizo la hewa hujaa kwenye kuta mbili na kupungua katikati. Mpigaji aliyeweka benchi lake mahali hapo atalaumu sampuli za sauti, atanunua nyingine, na zitanyamaza vilevile.

Spika yenyewe nayo ina mipaka. Ukitaka koni ileile ishuke oktava moja bila kupoteza nguvu ya sauti, lazima iende mbele na nyuma mara nne ya ilivyokuwa ikienda. Koni ya inchi 5 haiwezi kufika huko. Unachosikia kwenye spika ndogo ni mitetemo ya juu ya noti ileile, na sikio, ambalo ni fundi wa kujazia mapengo, linakamilisha lililobaki. Linaridhika mpaka iwashwe sabufa halisi, ndipo mtu anapogundua alichokuwa akikikosa.

Kuna jambo jingine ambalo hedifoni haiwezi kulionyesha kabisa. Katika vinanda vingi vya mabomba, noti zinazofuatana hazikai pamoja: moja huwa upande wa kushoto, inayofuata kulia. Ukipanda ngazi ya sauti, muziki unarukaruka kutoka upande hadi upande, na sauti za mabomba zinakutana hewani, mbele ya msikilizaji. Kwenye spika mbili za kawaida zimekwisha kuchanganywa kabla hazijatoka, na koni inayosukumwa kwa nguvu na besi inatakiwa ibebe na filimbi nyembamba wakati huohuo. Filimbi inatoka na mikwaruzo. Ndiyo maana mafundi makini hugawa noti kwenye chaneli nyingi, kila spika ikabeba chache. Je, spika nane za bei ya wastani zitashinda mbili za bei ghali? Inategemea chumba, na jibu hupatikana kwa kuzifunga na kusikiliza. Hilo ndilo linalofanyika kwenye mikusanyiko inayochekwa.

Wapinzani hupenda kurudi kwenye kesi ya Hammond. Kinanda hicho cha umeme kiliingia sokoni mwaka 1935, na Tume ya Biashara ya Marekani ikahoji madai kwamba kinalingana na kinanda cha mabomba. Mwaka 1937 wasikilizaji, wanamuziki na watu wa kawaida, walikaa katika Kanisa la Rockefeller la Chuo Kikuu cha Chicago wakijaribu kubainisha kati ya Hammond na kinanda cha Skinner. Mawakili wa kampuni walidai kwamba karibu nusu ya majibu yalikuwa ya makosa au ya kubahatisha. Upande wa Tume ukalalamika kwamba kile cha Skinner kilichezewa ili kifanane na mwenzake. Mwaka 1938 Tume iliipiga marufuku kampuni kutoa baadhi ya madai hayo. Watu huisimulia kesi hii kuonyesha kwamba masikio ya binadamu hudanganyika kirahisi. Mimi naona imesahauliwa kwamba vinanda vyote viwili vilisikika ndani ya kanisa lilelile la mawe, na mwangwi wake ulivipa vyote viwili vazi moja. Uvipeleke sebuleni penye zulia na mapazia mazito uone.

Kwetu makanisani kosa hili lina gharama. Kamati inachangisha, kinanda kizuri kinanunuliwa, kisha kinachomekwa kwenye spika zilezile za mahubiri. Zilichaguliwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na mwanamume anayeongea hashuki sana chini ya mitetemo 85 kwa sekunde. Oktava nzima ya chini ya pedali, na zaidi, inapotea kabla haijafika benchi la kwanza. Lawama humwangukia mpiga kinanda. Laiti theluthi ya fedha zile ingewekwa kwenye sabufa na amplifaya, kinanda cha bei ndogo kingeimbisha waumini vizuri zaidi.

Sisemi mikusanyiko hiyo haina dosari. Kila mwonyeshaji hupenda kufungua safu zote na kupiga kipande cha kishindo, na hapo hata spika mbovu inapendeza kwa muda. Kinachofichua spika ni filimbi moja laini, noti mbili, kimya, kisha wimbo wa polepole wa kusindikiza waumini. Sauti pia zilinganishwe kwa kipimo cha desibeli kabla ya kuhukumu, kwa kuwa kati ya spika mbili, ile iliyozidi kidogo tu kwa nguvu huonekana bora, hata kama ndiyo duni. Na wasikilizaji wasikae wote safu ya mbele. Wengine waende nyuma kabisa, wanakokaa waliochelewa ibada.