Kabla hujamteremsha mtoto kisimani

Ndugu msomaji, kama unaishi Mkunya au popote juu ya uwanda wa Makonde, huhitaji daktari akueleze thamani ya maji. Chemchemi ziko bondeni, watu wako juu. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu miaka ya 1950, lakini bomba likikauka kaya nyingi hurudi kwenye kisima cha mvua: shimo lililosakafiwa kwa saruji, lenye mdomo mwembamba na mfuniko, linalopokea maji ya kwenye bati.

Kabla ya mvua kuanza, visima hivi husafishwa. Kwa kuwa mdomo ni mwembamba, anayeteremshwa mara nyingi ni kijana mdogo wa nyumbani. Hapo ndipo nataka tuzungumze, mzazi.

Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Ndani ya kisima kilichofungwa kwa miezi, majani na tope huoza, na kuoza huko hula oksijeni na kuacha hewa chafu nzito inayotulia chini. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10, mtu huzimia haraka. Hakohoi, hakabwi, hapigi kelele. Walio juu hudhani ameinama kuchota tope.

Shimo la choo ni baya zaidi. Gesi yake inanuka kama yai viza, kisha ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikipotea ghafla, usiseme hewa imesafika.

Wazee hushusha koroboi. Ikizimika, hakuna kuingia. Ni busara, ila ni nusu ya busara. Koroboi huzimika oksijeni ikipungua, lakini haigundui moshi wa pampu ya petroli, na kwenye shimo la choo moto unaweza kulipua gesi. Pampu au jenereta isiingizwe kisimani kamwe, wala isiwekwe mdomoni mwake. Moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Halafu kuna msiba wa pili. Baba anamwona mwanawe amelala chini, anaruka. Mjomba anamfuata baba. Mwaka 1986 taasisi ya NIOSH ya Marekani ilieleza kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za namna hii walikuwa ni waliokwenda kuokoa. Najua ninachokuomba ni kigumu, kusimama juu na mtoto yuko chini. Lakini ukiruka, hewa ileile inakusubiri.

Ndiyo maana kamba lazima ifungwe kabla, kifuani kupita chini ya makwapa, na watu wazima wawili au watatu waishike muda wote. Piga kelele, mvute, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Akishatoka, kama anapumua mlaze ubavu. Kama hapumui, mbonyeze kifua na mpulizie pumzi huku usafiri ukitafutwa. Maziwa msimpe, aliyezimia humiminikiwa mapafuni.

Mkifika zahanati, semeni wazi: alikuwa kisimani, na pampu ilikuwa ikiwaka. Kile kipimo kinachobanwa kidoleni hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, hivyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Mama mjamzito aliyevuta moshi huo apelekwe hata akijisikia nafuu, kwani mtoto tumboni huumia zaidi yake.

Viwandani kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kuna OSHA wa kukagua. Uani kwako hakuna mkaguzi. Fundi uliyemwita kwa kibarua cha siku moja anakutegemea wewe, na kwa kawaida anaona aibu kudai kamba.

Mimi ningependelea asiingie mtu kabisa. Fagia bati na mifereji kabla ya mvua, weka wavu kwenye mdomo wa bomba, mwaga maji ya mvua ya kwanza, na tope linalobaki litolewe kwa ndoo na kamba kutoka juu. Ikibidi mtu ashuke, awe mtu mzima. Funua kisima siku nzima au zaidi na kitolewe maji kwanza, ingawa hata hivyo huna uhakika wa hewa, kwa hiyo kamba haifunguliwi. Wavu ununueni msimu huu wa minada ya korosho, fedha ikiwa bado mkononi.