S ya Tano

Siku moja kabla ya wakaguzi kufika, vituo vingi vya afya vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Bunju, hugeuka kama nyumba inayongojea wageni wa posa. Makabati hupangwa, vibandiko vipya hubandikwa, ndoo za taka hurudishwa mahali pake, na sabuni huonekana kando ya sinki lililokuwa kavu kwa majuma kadhaa. Watumishi hawana nia ya kudanganya. Wanafanya kile ambacho kundi lolote hufanya mbele ya mgeni. Lakini mgonjwa aliyelazwa tangu juzi, aliyeiona wodi hiyo kabla ya kupambwa na atakayeiona tena wakaguzi wakishaondoka, ana haki ya kuuliza kwa nini usafi ule haukuwa wake.

Utaratibu unaotumika kupanga makabati hayo una historia ndefu. Ulikulia katika viwanda vya Japani, ukazoewa katika hospitali za Sri Lanka, na mwaka 2007 Wizara ya Afya ya Tanzania, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Kimataifa la Japani, JICA, ikauanza kwa majaribio katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kisha ukaenea nchini. Maneno yake matano ya Kijapani yalipata Kiswahili kizuri, kila moja likianza na herufi ile ile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Manne ya mwanzo yanaweza kuamriwa. Mganga mfawidhi akitoa agizo asubuhi, vifaa vibovu vitakuwa vimeondolewa na sakafu itang'aa kabla ya jioni. La tano haliamriki. Linategemea kinachotokea saa nane za usiku, wakati hakuna mkubwa karibu, na zaidi ya hapo linategemea kama aliye mdogo kuliko wote katika zamu anaweza kusema, "Hapa tumekosea."

Mara nyingi hawezi. Muuguzi aliyeajiriwa juzi humwona daktari akitoka kitanda kimoja na kwenda kingine bila kunawa mikono. Kanuni anaijua, pengine kuliko daktari mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni. Ananyamaza. Amelelewa kuamini kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu, na adabu hiyo ni njema kabisa barazani. Isitoshe, amekwisha kuona kilichompata mwenzake aliyethubutu: aliambiwa anajifanya mjuaji, na mwezi uliofuata akajikuta amepangiwa usiku mwingi kuliko wenzake. Semina nyingine ya kunawa mikono haitamsaidia huyu. Hakupungukiwa na elimu, amepungukiwa na mtu wa kusimama naye.

Mwanasaikolojia Solomon Asch aliligusa jambo hili huko Marekani katika miaka ya 1950. Aliwaonyesha watu mistari na kuwataka waseme ni upi unaolingana na mwingine, kazi ambayo hata mtoto angeiweza. Wengine waliokuwamo chumbani walikuwa wamekubaliana naye kwa siri kutoa jibu la uongo. Takriban theluthi moja ya majibu ya watahiniwa yakafuata uongo huo, ingawa macho yao yaliona vingine. Alipoweka chumbani mtu mmoja tu wa kusema kweli, wengi wao wakapata ujasiri wa kusema walichokiona. Alihitajika mtu mmoja tu.

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani kati ya mwaka 2007 na 2008. Orodha ina vipengele 19, na kimojawapo huonekana cha kitoto: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Kwa hiyo anayeshika vifaa husikika sauti yake mara moja kabla kazi haijaanza, na aliyekwisha kusikika hupata wepesi wa kusema tena pamba isipotimia hesabu. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba katika hospitali hizo nane kwa pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kisha orodha ile ile ikaagizwa kutumika katika hospitali za jimbo la Ontario, Kanada. Utafiti wa hospitali 101 uliotolewa mwaka 2014 haukuona mabadiliko ya maana, ijapokuwa karibu kila hospitali ilidai kuijaza kikamilifu. Wataalamu wanabishana juu ya sababu. Walio karibu zaidi na ukweli, bila shaka, ni wale wanaosema kwamba kutia alama ya vyema kwenye karatasi si sawa na watu kuzungumza.

Zanzibar nayo ina somo lake. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, miongozo ya kumhudumia mama mwenye uchungu iliandikwa upya pamoja na wakunga na madaktari wenyewe, ikapunguzwa hadi kijitabu cha mfukoni kinacholingana na hali halisi ya wodi yao. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000. Kazi hiyo baadaye ilivuka bahari hadi wodi za wazazi za Dar es Salaam.

Atakayepinga atasema kwamba shida ya Temeke na Kinondoni ni msongamano na uhaba wa watumishi, na kwamba tabia ni anasa ya kujadiliwa na walioshiba. Uhaba ni wa kweli, tena hauondolewi kwa maneno. Ila mkunga mmoja anayewaangalia akina mama wengi ndiye hasa asiyemudu kunyamaza, kwa kuwa kosa moja likimpita hakuna jicho la pili. Naye mara nyingi hufundishwa kunyamaza na ofisi yenyewe. Mama akifariki, swali la kwanza la kikao cha mapitio huwa nani alikuwa zamu, na baadaye hufuata barua ya kujieleza. Aliyeandika barua moja ya namna hiyo hatataja tena kwa hiari kosa lililokaribia kutokea. Hapo mganga mfawidhi anayelalamika kwamba hapewi taarifa ajiulize alizipokeaje zile za mwaka jana.

Wagonjwa nao wamefunzwa kimya hicho. Sanduku la maoni lipo ukutani, lakini ufunguo ameondoka nao mtu aliyehamishwa. Mwenye malalamiko hunong'ona na jirani wa benchi, akaambiwa ashukuru kwamba amehudumiwa.

Kinachoweza kufanyika hakihitaji mfadhili. Katika makabidhiano ya zamu, azungumze kwanza aliye wa chini, mhudumu wa usafi akiwemo, kabla mkubwa hajatoa maoni ambayo wote watayaitikia. Kikao cha kifo kianze na nini kilitokea, na saa ngapi. Sanduku lifunguliwe kila Ijumaa mbele ya wagonjwa wawili watakaokuwapo, na majibu yabandikwe karibu na dirisha la dawa, pale foleni inaposimama kwa muda mrefu na watu wana nafasi ya kusoma.