"Mpelekeni Nyumbani": Je, Daktari Amemaliza?

Huku kwetu Mbeya na Iringa daktari akisema, "Mpelekeni nyumbani," wengi hudhani amemaliza kazi. La! Ugonjwa usipoponyeka, bado anao wajibu wa kutuliza maumivu.

Tulimkuta mama mmoja akilia usiku kucha, chupa ya morfini ya maji i kando yake, haijafunguliwa. Wanawe waliogopa itamwua. Ikinywewa kama daktari alivyopima, haiui. Hutolewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Kwa kuwa hufunga choo, ombeni na dawa ya kulainisha.

Uganda, Dk. Anne Merriman alianzisha huduma hiyo mwaka 1993, wagonjwa wakitunzwa majumbani.

Daktari atoe dawa. Sisi tumgeuze mgonjwa, tuloweshe midomo yake, tuombe naye. Asiachwe peke yake.