Matairi ya Theluji na Paa la Mama



Juma hili nawaletea jambo lililozuka nyumbani kwetu, na huenda limezuka katika nyumba zenu pia; kwani ni nani miongoni mwetu asiye na mtoto, ndugu au jirani aliyehamia Ulaya au Kanada?

Binti wa dada yangu anaishi na mumewe na watoto wao watatu kusini mwa Ujerumani, si mbali na mji wa Munich. Alikuwa amemuahidi mama yake fedha za kuezeka upya paa la nyumba kabla ya mvua za vuli. Oktoba ilipoingia akapiga simu, na baada ya salamu akasema kwa unyonge: "Mama, niwie radhi. Fedha za paa itabidi zingoje. Tumelazimika kununua matairi ya majira ya baridi."

Dada yangu hakumjibu neno baya. Lakini simu ilipokatika alinigeukia, macho yamemjaa. "Gari lao lina matairi manne mazima, nimeyaona kwenye picha. Leo yanunuliwa mengine manne kwa sababu ya baridi! Tangu lini tairi likaona baridi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilimpigia mwana mwenyewe, nikamwomba anieleze polepole kama amwelezavyo mtu asiyewahi kuiona theluji. Aliyonieleza nayaandika hapa, ili mama mwingine asije akamdhania mwanawe ubaya.

Kumbe tairi huona baridi. Mmeyaona mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi za kipupwe, ilhali mchana wa kaskazi hutiririka kama maji. Mpira wa tairi la kawaida nao hugangamaa kadiri baridi inavyozidi. Mafundi wengi wa kule hutaja digrii 7 kuwa ndipo pa kuanza kujihadhari. Mpira uliogangamaa hauishiki njia, na gari huteleza dereva akiwa amekanyaga breki kwa nguvu zake zote. Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na meno yake huchanjwa mikato myembamba mingi, inayofunguka na kuing'ata theluji kila gurudumu linapozunguka.

Sheria ya Ujerumani haitaji tarehe. Hutazama hali ya njia. Penye theluji, barafu au utelezi wake, anayeendesha bila matairi yanayofaa hutozwa faini ya euro 60 na kuandikiwa alama ya kosa, na akizuia wenziwe njia hutozwa euro 80. Wenyeji wana kanuni nyepesi: yavae Oktoba, yavue Pasaka. Kwingine mambo hutofautiana. Katika jimbo la Quebec, Kanada, matairi hayo ni lazima tangu tarehe 1 Disemba hadi 15 Machi. Jimbo jirani la Ontario halilazimishi, ila kampuni za bima zimeamriwa kumpunguzia malipo anayeyavaa. Uingereza haina sheria ya namna hiyo. Kwa hiyo kila mwenye jamaa ughaibuni aulize sheria ya mahali pale, asipime kwa habari za jirani.

Mumewe, naye ni mtu mwema anayeihesabu kila senti, alikuwa amepata matairi manne yaliyotumika kwa bei ya kutupa. Alitaka yachukuliwe ili sehemu ya fedha za paa isalie. Binti yetu akasema, "Tuyasome kwanza." Akachutama, akasoma ubavuni mwa tairi mambo manne, nami nayataja kwa mpango alioufuata.

Kwanza, alama. Tairi la theluji la kweli lina mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Matairi yale yalikuwa na herufi M+S peke yake. Zamani herufi hizo zilitosha. Tangu Oktoba 2024 hazikubaliwi tena Ujerumani bila ya mchoro wa mlima.

Pili, umri. Baada ya herufi DOT kuna maandishi ambayo mwisho wake ni tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Matairi yale yaliandikwa 3514, yaani wiki ya 35 ya mwaka 2014. Mpira hukauka hata ukikaa stoo. Umri haufichwi na kupakwa rangi nyeusi.

Tatu, kina cha meno. Sheria huridhika na milimita 1.6, lakini ADAC, chama kikubwa cha wenye magari nchini humo, hushauri yasipungue milimita 4 wakati wa baridi. Kipimo wanacho mkobani: ukingo wa fedha wa sarafu ya euro 2 una upana wa milimita 4 hivi. Itie sarafu katikati ya meno. Ukingo ukionekana, tairi hilo limekwisha kazi yake.

Nne, saizi na uzito. Gari lao huvaa 205/55 R16 91H. Hiyo 205 ni upana kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, na 16 ni ringi kwa inchi. Namba 91 maana yake tairi moja hubeba kilo 615, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Mwenye familia asiidharau namba ya uzito, kwani gari la watoto watatu, mikoba ya shule na magunia ya mchele si gari la mtu mmoja.

Aliposimama, mumewe hakubisha. Walifikiria pia matairi ya misimu yote, ambayo huvaliwa mwaka mzima na hukubaliwa yakiwa na ule mchoro wa mlima. Humfaa anayekaa mjini kwenye theluji haba na asiyesafiri mbali. Wao wako karibu na milima, na njia ya shule ina mteremko unaoishia penye kivuko cha watoto. "Mama mdogo," akaniambia, "sikuogopea wangu tu. Niliwaona na wale wanaovuka." Wakanunua manne mapya. Hawakununua mawili, kwa kuwa magurudumu ya mbele yakishika na ya nyuma yasishike, gari huzunguka lenyewe.

Nilipomsimulia dada yangu haya, alikaa kimya, kisha akamwita kijana wake aliyenunua gari lililotoka Japani mwaka uliopita. "Nenda kasome tairi zako." Kijana akarudi akicheka: ubavuni pameandikwa STUDLESS. Tulipomuuliza dada yake kwenye simu, hakucheka. Ndivyo Wajapani waandikavyo matairi yao ya theluji yasiyo na misumari, na gari likiuzwa huja bandarini limeyavaa hivyo hivyo. Mpira ule laini ukikutana na lami ya Mombasa wakati wa joto huliwa upesi, gari huyumba kwenye kona na huchelewa kusimama breki inaposhikwa. Tulikuwa tunamlaumu mwana wa baridini kwa kununua matairi ya theluji, na huku sisi tukienda nayo Malindi na kurudi.

Kwa hiyo, dada zangu, kabla ya safari ya arusi au ya Idi, chutameni msome ubavu wa tairi, au mumuamuru kijana asome nanyi mkisikia. Hakuna gharama.

Kijana alibadilisha matairi mwezi ule ule. Vuli ilitukuta na mabeseni chini ya matone, na dada yangu akiyamwaga bila kunung'unika. Kila asubuhi aliulizia theluji ya Munich kabla ya kuulizia jambo jingine. Paa liliezekwa Februari, kaskazi ikivuma.

Hadi juma lijalo inshallah, tukumbukane kwa dua.