Anime si michoro pekee, jamani!

Muulize kijana yeyote kuhusu anime, atakutajia Naruto na One Piece, basi. Zote michoro. Mimi nasema tunajinyima uhondo.

Japani kuna filamu za vikaragosi pia. Unapiga picha, unasogeza mkono wa kikaragosi kidogo tu, unapiga tena. Sekunde moja yaweza kumeza picha 24! Na usidhani zote zinafanana. Kihachirō Kawamoto, aliyejifunza kazi hii Prague kwa Jiří Trnka, alitoa Dōjōji mwaka 1976. Nyuso za vikaragosi vyake zimetulia kama barakoa za mchezo wa Noh, lakini hasira ya mwanamke aliyekataliwa inakutia baridi. Pui Pui Molcar ya 2021 nayo ni kichekesho: magari ya sufi yaliyo wanyama hai, na kipindi cha kwanza wamekwama kwenye jam. Hiyo si tunaijua?

Wapo wanaodai hizi ni za watoto. Hao hawajaona Junk Head. Takahide Hori hakusomea filamu popote. Alianza 2009, akaunda vikaragosi, akajenga seti na kupiga picha, kazi kubwa akiifanya mwenyewe. Akamaliza filamu ndefu 2017.

Sasa wewe unayengoja kamera ya bei ghali ndipo uanze, unangoja nini hasa? Simu unayo, udongo upo. Tazama Molcar leo usiku, kesho ujaribu sekunde moja.