Toba Si Uhakiki: Msomaji Mzungu na Kitabu cha Mtu Mweusi

Imezoeleka kudaiwa kwamba Mzungu akijisomea historia ya watu weusi, dhuluma ya rangi huanza kuondoka. Dai hili lilipata nguvu nchini Marekani baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020. Katika majuma yaliyofuata, White Fragility (2018) cha Robin DiAngelo na How to Be an Antiracist (2019) cha Ibram X. Kendi vilifika kileleni mwa orodha za vitabu vinavyouzwa sana. Walioshangilia hawakuuliza swali la msingi la uhakiki: vilisomwa vipi, na kwa manufaa ya nani?

Uhusiano wa msomaji Mzungu na mwandishi mweusi una historia yake. Phillis Wheatley alipochapisha diwani yake mwaka 1773, ilibidi waheshimiwa 18 wa Boston watie sahihi kuthibitisha kwamba mtumwa huyo ndiye aliyetunga. Tawasifu ya Frederick Douglass ya mwaka 1845 ilitanguliwa na dibaji ya William Lloyd Garrison na barua ya Wendell Phillips, Wazungu wote wawili. Ni katika tawasifu yake ya pili, mwaka 1855, ndipo Douglass alipotangulizwa na mtu mweusi, daktari James McCune Smith. Kwa muda mrefu, basi, Mzungu alikuwa hakimu wa kitabu. Sasa amegeuka kuwa mgonjwa wake. Lakini hakimu na mgonjwa wana jambo moja linalowaunganisha: kila mmoja hujiweka katikati ya matini.

Kati ya vitabu viwili vilivyotajwa, cha DiAngelo kimeandikwa na Mzungu, na mada yake ni hisia za Wazungu wanapokabiliwa na suala la ubaguzi. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hapa wa mbali ndiye aliyeanza, na mfiwa akatakiwa amfute machozi.

Linganisha na The Fire Next Time (1963) cha James Baldwin. Insha yake ya kwanza ni barua kwa mpwa wake. Msomaji kusudiwa ni kijana mweusi; Mzungu anasikiliza mazungumzo ya jamaa asiyokaribishwa kuyaongoza. Fani hiyo yenyewe ni fundisho. Anayeichambua kama orodha ya makosa ya kutubia ameukosa ujumbe wake.

Yapo mapingamizi kwamba kusoma vibaya ni bora kuliko kutosoma. Ni kweli kwamba tawasifu za watumwa zilisaidia kampeni ya kukomesha utumwa. Hata hivyo, zilisaidia kwa sababu msomaji alitakiwa kupinga sheria, si kutakasa nafsi yake tu. Baada ya wimbi la 2020, Texas mwaka 2021 na Florida mwaka 2022 zilitunga sheria za kubana namna suala la rangi linavyofundishwa shuleni. Kitabu kilicho rafuni nyumbani hakimtetei mwalimu aliyezuiwa kukifundisha.

Kwa hiyo kipimo cha usomaji huu kisiwe majuto ya msomaji. Kipimo kiwe ni iwapo yuko tayari kuondoka katikati ya hadithi, kisha asimame katika kikao cha bodi ya shule kuitetea hadithi hiyo ifundishwe.