Vijana wapewe ardhi ili tuishinde njaa

Ndugu askari na polisi, tunapowataja maadui wa taifa tusiisahau njaa. Mwaka 1979 kambi ya Moroto iliporwa silaha, nazo zikaangukia mikononi mwa vijana wa Karamoja waliozitumia kunyang'anyana ng'ombe. Ukame ulipoingia, mwaka 1980 maelfu ya watu walikufa kwa njaa, wakiwemo watoto wachanga wengi. Bunduki hazikujaza ghala hata moja.

Duniani kote, mwaka 2023, mamia ya mamilioni ya watu waliishi na njaa. Vijana huhimizwa walime. Lakini kumhimiza kijana asiye na ardhi ni sawa na kumpeleka askari vitani bila risasi. Atabaki kibarua, na kibarua hana uchungu na mavuno.

Kwa hiyo wazee wa koo wamkatie kijana shamba lake, na Serikali impatie mbegu ya mtama na ghala. Nasi wenye sare tulinde njia za soko, tushirikiane na vijana wa jirani na kambi zetu kuchimba mabwawa. Mwenye akiba ghalani hana haja ya kuvamia zizi la jirani, wala sisi hatutalazimika kumwinda porini.